Mama wa Kigogo na Siku 126

Alikuja dirishani kwangu saa moja na robo asubuhi, zamu ya kwanza ikiwa bado inavaa aproni. Alikuwa amejitanda kanga mbili na bado anatetemeka. Ilikuwa Mei 2019, mwaka ule homa ya dengue ilipoishika Dar es Salaam, mvua za masika hazijakauka na maji yametuama kwenye kila tairi bovu. Alisema kichwa kinamuuma hadi nyuma ya macho, na viungo vyote ni kama vimetwangwa kinuni.

“Naomba ruhusa, mwanangu. Siku mbili tatu tu, joto lishuke.”

Wakati huo nilikuwa afisa utumishi katika kiwanda kidogo cha kusindika vyakula. Fomu za likizo zilikuwa kwenye droo yangu, majalada ya wafanyakazi kwenye kabati nyuma yangu, na ufunguo wa kabati ulikuwa shingoni mwangu. Nikatoa jalada lake. Alikuwa kibarua wa kufunga bidhaa, mkataba wa miezi 3 ulioanza Machi. Nikamweleza kwa sauti ya upole, na upole huo ndio unaonichoma hadi leo: “Mama, hujatimiza miezi 6. Kisheria huna likizo ya ugonjwa yenye malipo. Ukienda, siku hizo hazilipwi. Na ukirudi, njoo na ED.”

“Haya, mwanangu,” akasema. Akashika njia ya getini.

Alirudi siku ya kazi ya saba. Hakuwa na ED, ile karatasi ya daktari ya kumpumzisha mgonjwa. Hakwenda hospitali, alikwenda duka la dawa pale mtaani kwake Kigogo, kwa sababu hela ya kumwona daktari na kupima ingekuwa hela ya unga, na wiki ile hakuwa na hela nyingine iliyokuwa inakuja. Msimamizi wa zamu alikwishaweka mtu mwingine mahali pake. Mwongozo wa nidhamu tulioutumia, ule uliotolewa mwaka 2007, unataja kutokuwepo kazini bila ruhusa au sababu ya kukubalika kwa zaidi ya siku 5 za kazi kuwa kosa kubwa. Nikaandika neno “mtoro” kwenye daftari la mahudhurio. Kalamu ilikuwa yangu, mwandiko ni wangu. Alinishukuru kwa kumpa malipo ya siku zake za nyuma, akaondoka.

Mwaka uliofuata nilikuwa najiandaa kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa shauri la mtu mwingine kabisa. Nikaisoma sehemu ya likizo ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 neno kwa neno, pengine kwa mara ya kwanza. Sharti la miezi 6 lipo, kama nilivyokuwa nikiwaambia watu. Lakini chini yake kuna maneno mengine: mfanyakazi wa msimu anastahili likizo yenye malipo, na mfanyakazi mwenye chini ya miezi 6, aliyefanya kazi zaidi ya mara moja ndani ya mwaka kwa mwajiri yuleyule, anastahili pia ikiwa jumla ya muda wake inapita miezi 6 katika mwaka huo.

Niliinuka nikaenda kwenye kabati. Jalada la mama wa Kigogo lilikuwa bado lipo. Mkataba wa kwanza, Julai hadi Septemba 2018. Wiki chache nyumbani. Mkataba wa pili, Novemba hadi Januari. Wiki chache nyumbani. Mkataba wa tatu, Machi. Siku aliyosimama dirishani kwangu akitetemeka, alikuwa ametufanyia kazi miezi 8 ndani ya mwaka mmoja. Alistahili. Sheria ilikuwa upande wake na mimi ndiye niliyemfungia mlango, kwa kuwa nilisoma mstari wa kwanza nikafunga kitabu.

Sheria hiyo ilikuwa inampa nini? Likizo ya ugonjwa ya Tanzania Bara ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza ni kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata ni kwa nusu mshahara. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na wafanyakazi wa chini niliokutana nao wanaoijua hesabu hiyo nawahesabu kwa vidole. Wengi wanadhani ugonjwa ni siku mbili tatu za hisani ya bosi. Hata wasimamizi wanadhani hivyo. Mtu anaumwa malaria, anaambiwa, “Chukua likizo yako ya mwaka ukaugulie huko,” naye anashukuru. Sheria imekataza jambo hilo waziwazi: mwajiri haruhusiwi kumtaka wala kumwachia mfanyakazi atumie likizo ya mwaka badala ya likizo nyingine anayoistahili. Siku za kupumzika ni za kupumzika, na siku za kuumwa ni za kuumwa. Lakini katazo hilo linakaa kwenye kitabu, na kitabu kilikaa kwenye kabati langu, kwa Kiingereza. Ni mwaka 2021 ndipo Bunge lilipobadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Hadi hapo, mama wa Kigogo asingeweza kunibishia hata kama angepewa kitabu chenyewe mkononi.

Nimejiuliza kwa nini mikataba yake ilikuwa ya miezi 3 yenye mapengo katikati. Jibu nalijua, maana niliiandaa mwenyewe. Niliambiwa ni kwa ajili ya msimu wa uzalishaji. Ila mashine zile hazikuwa na msimu. Zilizunguka mwaka mzima, na mahali pa kila aliyepumzishwa palijazwa kesho yake na aliyekuwa amepumzishwa kabla yake. Watu walewale walikuwa wakipokezana viti vilevile, kila mmoja akiaminishwa kuwa ni mgeni kazini. Pengo lilikuwepo ili miezi isionekane kuwa imetimia. Tulidhani tumeikwepa sheria, kumbe aliyeiandika alituona kutoka mbali akatutangulia. Kilichotuokoa ni kwamba hakuna aliyesoma.

Hata hivyo siridhiki kusema tu kwamba sheria ni nzuri ila watu hawasomi. Sharti lenyewe la miezi 6 lina kasoro. Mtu anayeanza kazi ndiye mwenye akiba ndogo kuliko wote, ndiye bado hajazoea vumbi la pale na usiku wa pale, na ndiye anayeogopa zaidi kuomba. Huyo ndiye tuliyemwambia asubiri nusu mwaka kabla ya kuugua. Kenya mlango uko karibu zaidi. Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007 inaufungua baada ya miezi 2 ya kazi mfululizo, ingawa ukiingia unakuta chumba kidogo: siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara katika mwaka. Sisi tuna nyumba kubwa, mlango uko mbali. Sioni kwa nini Mtanzania asiwe na vyote viwili. Siku chache kuanzia mwezi wa kwanza, kisha zikiongezeka kadiri mtu anavyokaa, hazingemfilisi mwajiri yeyote makini, na zingewazuia watu wenye homa wasije kugusa chakula kinachokwenda kwa watoto wa wengine. Jambo hili la mwisho lilinikosesha usingizi mwaka ule. Hatukuwa na njia ya kujua ni wangapi kwenye meza ya kufungia walikuwa na nini.

Halafu kuna karatasi. Sheria inamruhusu mwajiri asilipe mfanyakazi asipoleta cheti cha daktari aliyesajiliwa, au cha mtaalamu mwingine wa tiba ambaye mwajiri anamkubali. Sharti hilo lina maana yake. Nimeona ED za kununua, nimeona mihuri ya zahanati zisizokuwepo. Lakini kwa ugonjwa wa siku mbili, karatasi hiyo ni ghali kuliko ugonjwa. Ni nauli, foleni tangu alfajiri, hela ya kumwona daktari, vipimo. Mgonjwa ambaye angelala akapona anaamka kwenda kutafuta ushahidi kwamba anatakiwa kulala. Ningekuwa na kauli, siku mbili za kwanza mtu angeaminiwa kwa neno lake, mara chache zinazojulikana kwa mwaka, na daktari aje kuanzia siku ya tatu.

Najua upande wa pili wa meza nao, nisije nikamwonea mtu. Nimekaa kwenye vikao vya hesabu vya mwisho wa mwezi. Sheria yetu inauweka mshahara wa mgonjwa mgongoni mwa mwajiri wake peke yake. Kiwanda chenye watu mia mbili kinaweza kubeba. Mwenye saluni ya wasichana watatu hawezi. Mmoja wao akivunjika mguu, siku 63 za mshahara kamili na mtu wa kushika nafasi yake, biashara imefungwa. Kwa hiyo mwenye saluni hufanya anachoweza: haandiki mkataba, halafu msichana akiugua humpa elfu kumi ya nauli na pole nyingi. Wala si mtu mbaya. Amebebeshwa peke yake mzigo uliotakiwa kubebwa na wengi, kwa hiyo ameuweka chini.

Rwanda walilitazama tatizo la namna hii kwa upande wa uzazi. Kwa sheria ya mwaka 2016 walianzisha bima ya likizo ya uzazi: mwajiri na mfanyakazi kila mmoja anachangia asilimia 0.3 ya mshahara, mwajiri analipa wiki 6 za kwanza, na zinazofuata zinabebwa na mfuko wa hifadhi ya jamii. Mwajiri akimwona msichana wa kuajiri, haoni tena gharama ya likizo nzima inayomsubiri yeye peke yake. Hata kwetu wazo hilo si geni. Tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, ambao waajiri wanauchangia ili aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi alipwe na mfuko. Lakini dengue ya Kigogo haikutokana na kazi, haimo. Na mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Naipokea kwa mikono miwili, ila bima ya matibabu hulipa daktari na dawa. Hailipi unga. Mama yule hakuogopa sindano, aliogopa siku saba bila ujira, na hofu hiyo haina bima.

Mwaka 2022 zamu yangu ilifika ya kusimama upande wa nje wa dirisha.

Mama yangu alipata kiharusi akiwa Korogwe. Aliyewahi kulaza mgonjwa kwenye hospitali zetu anajua kwamba muuguzi wa wodi ni mmoja na wagonjwa ni wengi, na kwamba kumgeuza mgonjwa, kumwosha, kumlisha uji kwa kijiko, kukimbilia dawa iliyoandikwa na isiyokuwepo dirishani, hizo ni kazi za ndugu. Kwetu kuuguza si jambo la hiari. Ni sehemu ya tiba yenyewe. Nikarudi kwenye kitabu changu kutafuta siku za kumuuguza mama, na sikuzikuta. Sheria inatoa angalau siku 4 zenye malipo mtoto wako akiugua au akifariki. Kwa mwenza, mzazi, babu na bibi, mjukuu na ndugu wa kuzaliwa, siku hizo zinatoka wakifariki tu. Mume wako anaweza kulala hoi mwezi mzima na sheria isikujue, ikakujua siku akikata roho.

Nilikaa kitandani kwa mama nikiisoma hiyo kwenye simu, yeye amelala mdomo umepinda upande. Nimepewa siku za kumzika, sikupewa siku za kumtunza asizikwe.

Meneja wangu alikuwa mwema, akanipa likizo yangu ya mwaka, siku 28, ambazo kumbuka si siku za kazi. Jumapili na sikukuu zimo ndani yake. Mama alifariki siku ya 23. Tukakaa matanga, tukasoma khitma, na siku ya 29 nilikuwa ofisini. Siku 4 za msiba nilizostahili juu ya zile 28 sikuziomba. Mimi, niliyekuwa nikiwaambia wengine haki zao, nilishika simu mara mbili nikaiweka chini, kwa kuwa nilikwishapewa mwezi mzima na niliona haya kuonekana naomba tena. Hapo ndipo nilipomwelewa mama wa Kigogo na “haya, mwanangu” yake. Mtu aliyechoka habishani. Haki ambayo lazima uiombe ukiwa mgonjwa au mfiwa, kwa mtu anayeshika mkate wako, inakufikia imepungua nusu.

Na hizo siku 4 zenyewe si za kila msiba. Ni za mzunguko mzima wa miezi 36, wafe wangapi. Ukimzika baba mwaka huu na mama mwaka kesho, unagawa. Zinazozidi ni kwa idhini ya mwajiri, bila malipo. Tena orodha ya wafu wanaohesabika si ya ukoo wetu. Mama mdogo aliyekulea hayumo. Baba mkubwa aliyekulipia ada hayumo. Kijana mmoja wa bohari alikuja kwangu akilia, amefiwa Mahenge. Nikamuuliza, fomu mbele yangu, “Nani kwako?” Akajibu, “Baba.” Nilijua ni baba mkubwa, maana kwenye jalada lake niliona baba mzazi ni marehemu siku nyingi. Nikaandika “mzazi”. Kwa Kiswahili nilichonyonya, sikuandika uongo.

Mambo yanasogea, nakiri. Marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yamemkumbuka mama aliyejifungua mtoto njiti: muda wa kusubiri zitimie wiki 40 za ujauzito hauli tena siku zake 84 za uzazi. Niliposoma hayo niliwaza wanawake watatu ninaowajua, waliorudi kazini maziwa yakiwatiririka na watoto wao wakiwa bado hawajafikia uzito wa kutoka hospitali. Marekebisho hayohayo yameweka pia likizo isiyo na malipo ya hadi siku 30, kwa makubaliano na mwajiri, mtu akipatwa na dharura. Hiyo inamfaa mwenye akiba. Anayelipwa kwa wiki hawezi kuuguza siku 30 kwa njaa, na yeye ndiye ambaye hana wa kumwachia mgonjwa. Kuuguza mwenza na mzazi kunatakiwa kuingia kwenye sheria kwa jina lake, kwa malipo, hata zikiwa siku 5.

Kiwanda kile nilishakiacha. Kabla ya kuondoka nilipita Kigogo mara mbili na namba ya simu iliyokuwa kwenye jalada. Namba haikupatikana, na nyumba aliyokuwa amepanga ilikuwa na wapangaji wengine. Sikujua nilitaka kumwambia nini. Madai yake ya kuachishwa yalitakiwa kufika Tume ndani ya siku 30, na ya malipo ya likizo ndani ya siku 60. Siku hizo zilipita akiwa hajui kuwa zinahesabiwa.

Kwa hiyo nawaandikia walio kama yeye. Ikiwa unafanya kazi kwa mikataba ya miezi 3 yenye mapengo, chukua karatasi, andika tarehe ulizoanza na ulizomaliza kwa mwajiri huyo ndani ya mwaka. Jumlisha. Zikizidi miezi 6, unastahili likizo yenye malipo, ya mwaka na ya ugonjwa, hata kama mkataba ulionao mkononi ni wa juzi. Tunza nakala ya kila mkataba. Ukiumwa, tuma mtu au ujumbe wa simu siku ya kwanza, usingoje upone. Ukiachishwa, hesabu siku 30 kuanzia siku hiyo, uende Tume.

Na wewe uliyekaa dirishani, mwenye ufunguo wa kabati: asubuhi atakapokuja mtu amejitanda kanga mbili, kabla hujasema neno, lisome jalada lake lote.